Siku Niliyozika Mgomba Nyakisasa

Ngara nzima wameshalisikia jambo hili, kuanzia stendi mpaka Rusumo kwa mawakala wa forodha, na wapo wanaoniita kwa jina ambalo nitalitaja huko mbele nikipata nguvu. Ila wengi wanaolisimulia hawakuwepo, na mimi nilikuwepo, tena ndiye niliyelianzisha kwa mdomo wangu mwenyewe, bila kulewa na bila kulazimishwa na mtu. Kwa hiyo chekeni kwanza mmalize, halafu nikae nijiaibishe mwenyewe, angalau aibu yangu isimuliwe kwa usahihi.

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Si wakili (ingawa vijijini wananiita wakili, na sijawahi kuwakatalia kwa nguvu sana). Kwetu ni Biharamulo, lakini kazi imenileta Ngara, na kazi yenyewe ni kusikiliza watu, kuandika maelezo yao, kupiga picha, kisha kutuma kila kitu Mwanza kwa wakili wetu wa kweli, Wakili Domina, mama mmoja mtulivu ambaye akikasirika hapandishi sauti, anapunguza, na ukiona amefika mahali humsikii kabisa ujue umekwisha.

Mteja wetu alikuwa Mzee Kabura, mgane wa miaka sabini na kitu, mwenye shamba juu ya kilima kimoja Nyakisasa. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, yeye akazaliwa hapohapo, akaoa hapohapo, na mkewe, Bibi Yozefina, kazikwa hapohapo katikati ya migomba. Bahati mbaya chini ya ile migomba kuna moramu nyekundu nzuri sana ya barabara, na mradi mmoja ukaitaka. Mzee akasema hakuitwa, hakusikilizwa, akaenda mahakama zote za nchini akashindwa, na Wakili Domina akampelekea kesi yake kwenye mahakama ya haki za binadamu, ile ya majaji wa nchi mbalimbali. Kesi ikapokelewa, ikapewa namba, ikalala. Kesi za kule huchukua miaka, na katapila halichukui miaka.

Ijumaa moja ikaja habari kwamba katapila limeegeshwa kileleni mwa kilima cha Mzee Kabura na Jumatano asubuhi linaanza kazi. Nikampigia Wakili Domina, naye akanieleza kitu nilichokuwa nimekisoma kwenye semina nikakisahau: kwamba mahakama zile, jambo likiwa la dharura, unaweza kuziomba hatua za muda. Hapo majaji hawasemi nani ana haki, hilo litasubiri, wanasema tu kila kitu kisimame kilivyo mpaka kesi isikilizwe. Lakini hawatoi ovyo. Uwaonyeshe kwamba hatari ipo mlangoni kweli, na kwamba madhara yenyewe yakishatokea, hata ukija kushinda, hakuna wa kuyarudisha.

Basi mimi nikaenda kwa Mzee na daftari, nikaandika madhara kumi na tisa. Nikaandika migomba, nikaandika maharage yaliyobakiza wiki moja kukauka, nikaandika kuku aliyeatamia mayai kumi na moja, nikaandika na pombe ya ndizi iliyokuwa inachachuka kwenye mtumbwi wa kukamulia ndizi nyuma ya nyumba, tena hiyo niliipa aya nzima, nikiwaeleza majaji kwamba pombe ya ndizi ikivuka siku yake hakuna mahakama duniani itakayoirudisha (na kwa hilo mpaka leo naona nilikuwa sahihi). Wakili Domina alisoma, akaniambia hiyo ni orodha ya mnada, nimtafutie kitu kimoja tu ambacho hakirudi.

Nikamuuliza Mzee. Alikuwa ameketi kwenye kigogo anachambua maharage, wala hakuinua kichwa.

"Nyumba nitajenga," akasema, kwa lafudhi ya huku ambayo l huwa r. "Migomba nitapanda. Huyu Yozefina nimemraza hapa. Wakimpakia kwenye rori wakamsambaza barabarani, magari ya Rusumo yakapita juu yake, mimi nitamzoa wapi?"

Halafu nikafuta yote kumi na tisa nikaandika hayo maneno yake jinsi yalivyo, tukatuma Ijumaa ileile jioni.

Jumatatu mahakama ikajibu, na kwa kweli walikwenda mbio, nawasifu. Walisema wamelipokea ombi, wameipa serikali mpaka Alhamisi saa sita mchana iseme la kwake, na baada ya hapo majaji wataamua. Wakataka na sisi tuongeze kiapo cha Mzee na picha za kaburi. Vizuri kabisa, isipokuwa hesabu inakataa. Katapila ni Jumatano na majaji ni Alhamisi, na ile siku moja ya katikati ndiyo iliyoniponza.

Jumanne alfajiri Mzee akapanda gari kwenda Ngara mjini kuapa mbele ya hakimu, nami nikapishana naye njiani, nikienda Nyakisasa na pikipiki yangu kupiga picha. Nilikuta kwake watu wengi. Mzee alikuwa amewaambia majirani waje wavune maharage yake kabla katapila halijayavuna, na wakishamaliza wanywe ile pombe, isipotee bure. Nikapiga picha za kaburi pande zote nne, nikaonja pombe kidogo (mivuto miwili tu ya mrija, nilikuwa kazini), nikaondoka.

Pale njia panda nikakutana na mtendaji wa kijiji, Bwana Sospeter, kwenye pikipiki yake ya kazi. Huyu si mtu mbaya, muelewe hivyo. Ni mtu wa taratibu tu, kila kitu chake kina mhuri, na nasikia hata barua ya kumposa mkewe aliipiga mhuri. Akasimama, akanisalimia vizuri, akaniuliza mbona kwa Mzee Kabura kuna watu wengi namna ile.

Ningeweza kusema wanavuna maharage. Ndiyo ilikuwa kweli, na haikuwa na kosa lolote. Lakini mimi nikaona kwenye akili yangu kwamba akijua wanavuna atajua tunajiandaa, na akijua tunajiandaa atawaambia waanze leo, na yote hayo yalipita kichwani kwa muda wa kupepesa macho, halafu nikasikia mtu anasema kwa sauti yangu:

"Kuna msiba, mtendaji."

Akavua kofia. Akasema, "Pore sana," akakaa kidogo na kofia yake kifuani, kisha akageuza pikipiki akarudi alikotoka.

Hapa lazima niwaeleze wageni. Kijijini pale, msiba ukitajwa, jembe haliingii ardhini mpaka maziko yaishe. Ukionekana shambani unaitwa kwenye mkutano, na aibu yake utaivaa mwaka mzima. Tena hatuulizani njiani aliyekufa ni nani, si adabu, mtu unakwenda na kuni zako na ndizi zako utajua hukohuko. Kwa hiyo Bwana Sospeter hakuniuliza kitu. Alikwenda moja kwa moja kwa dereva wa katapila, mtu mmoja wa Kahama aitwaye Masanja, akamwambia mashine isiwashwe mpaka kijiji kizike. Nikaendesha kurudi Ngara natabasamu ndani ya kofia ngumu, nikijiambia kwamba kumbe kijiji kina hatua zake za muda, hazina fomu, hazina viambatisho, na serikali inatii papo hapo. Nilijiona mwanasheria mkubwa sana siku ile.

Mjini nikamkuta Mzee hajaapa, maana hakimu alikuwa na kazi Kibimba mpaka Alhamisi asubuhi. Nikamwambia basi alale kwangu. Sikumwambia habari ya msiba, niliona ni jambo dogo. Jumatano ikapita kimya, katapila halikunguruma, nikashinda nachomekea shati kila dakika kumi.

Saa kumi na moja jioni Wakili Domina akapiga simu. Sauti yake ilikuwa chini kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Serikali imejibu mapema," akasema. "Wanaomba ombi letu litupwe kwa sababu mwombaji amefariki. Wameambatisha barua ya mtendaji, ina mhuri. Deo, mteja wangu amekufa lini na kwa nini nasikia kwa wapinzani?"

Marehemu alikuwa mezani kwangu anakula ugali wa muhogo na dagaa.

Nikatoka nje kidogo. Nikamweleza Wakili Domina kila kitu, na nilipofika kwenye lile neno njia panda nikalisema harakaharaka nikidhani labda litapita. Halikupita. Alinyamaza mpaka nikaangalia simu kama imekatika. Kisha akanieleza mambo yalivyo, kwa utulivu ambao ulinitisha zaidi ya matusi: mahakama imetupa mpaka kesho saa sita, saa ileile iliyokuwa ya serikali, tuthibitishe kama mwombaji yuko hai, tena kwa karatasi ya mtu yuleyule aliyesema amekufa, maana barua ya mhuri haijibiwi kwa maneno ya simu. Tusipothibitisha, ombi linaanguka. Likianguka, katapila linawashwa. Na la mwisho akasema kwamba maombi haya mahakama inayatoa kwa kumwamini anayeomba, haijafika kijijini, haijaona kaburi, imeona maneno yetu tu, na sasa maneno yetu yana doa langu.

Nikarudi ndani kumwambia Mzee. Alisikiliza huku anachambua miiba ya dagaa.

"Nimekufa na nini?" akauliza.

Nikamwambia hawakuandika.

"Basi hata hawakuuriza," akasema, akaomba maji ya kunywa. Baadaye kidogo ndipo akakumbuka binti yake, Ansila, aliyeolewa Biharamulo, na hapo ndipo uso ulipombadilika. Tukampigia Ansila, simu haipatikani. Tukampigia mtendaji, haipatikani, kwa kuwa kule mtandao unashika kileleni tu. Mvua ikaanza kunyesha, na njia ile ikinyesha hupiti jioni, kwa hiyo tukakaa tunatazamana, mimi na marehemu wangu, na sijawahi kumwonea mtu haya kwa kiasi kile ndani ya nyumba ninayoilipia mwenyewe.

Alhamisi saa mbili hakimu akatuapisha. Mzee akaweka dole gumba kwenye kiapo kinachosema yeye ni Kabura na yu hai, na mimi nikaweka saini kwenye changu kinachosema kwamba taarifa ya msiba ilitoka kwangu na haikuwa kweli. Wakili Domina aliniagiza niandike nilivyosema, nisipambe. Niliandika mistari minne, na kila mstari ulinitoa jasho. Kisha nikampandisha Mzee nyuma ya pikipiki, nikamvalisha koti langu la mvua lenye kofia, tukaondoka.

Saa nne tulikuwa ofisi ya kijiji. Mlangoni kulikuwa na karatasi, imepigwa mhuri, inasema ofisi imefungwa, watumishi wote wako msibani kwa Mzee Kabura. Mzee akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akasema ni vizuri wamekwenda.

Sasa mjue kitu nilichokuwa sikijui. Jumanne ile watu walipofika na kuni zao waliwakuta wavunaji, wavunaji wakashangaa kuambiwa pole, na kila mmoja akadhani mwenzake ndiye anayejua. Wakatazamana nani hayupo. Hayupo Mzee. Alionekana alfajiri anapanda gari kwenda Ngara, mtu mzima, peke yake, asubuhi hivyo, atakuwa alikwenda hospitali. Na wakili ndiye aliyeleta habari, kwa hiyo wakili ndiye aliye na mwili. Ukikaa ukafikiri, hawakukosea popote. Kwa siku mbili kijiji kizima kilikuwa kimekaa kinanisubiri mimi nilete mwili wa Mzee Kabura, na mwili nikauleta, umeketi nyuma ya pikipiki umevaa koti la mvua.

Tulisikia kwaya kabla hatujafika. Turubai limefungwa, masufuria yanachemka, kina mama kwenye mikeka, na katekista amesimama mbele anasoma historia fupi ya marehemu kuokoa muda, maana wingu lilikuwa linarudi. Kando ya kaburi la Bibi Yozefina, palepale tulipowaomba majaji wa nchi mbalimbali pasiguswe na mtu, palikuwa na shimo jipya, zuri, limenyooka pembe zote, na ndani yake, mpaka mabegani, alikuwa Masanja dereva wa katapila akitupa udongo wa mwisho. (Alijitolea kuleta mashine, wakamkatalia, wakasema mtu huchimbiwa kwa mikono, basi akaomba sururu.)

Watu waliniona mimi tu. Kina mama wakainuka na vilio, wakitafuta gari la mwili nyuma yangu. Nikazima pikipiki na nikashindwa kushuka. Mzee akashuka. Akasimama nyuma ya wanaume, na kofia yake ya mvua, akasikiliza historia yake kwa makini, na nadhani angeisikiliza mpaka mwisho, isipokuwa katekista alifika mahali akasema marehemu alizaliwa Kibimba.

"Hapana," Mzee akasema. "Ni hapahapa."

Mwanamume aliyekuwa mbele yake akageuka kumnyamazisha. Halafu akamwona. Hakupiga kelele, alikaa tu chini, palepale kwenye tope, na aliyefuata akageuka naye akakaa, kisha benchi la kwaya likapinduka na watu wote. Sitasimulia yote. Nitasema tu kwamba Mama Leokadia, kiongozi wa kina mama, mwanamke ambaye hakuna msiba uliowahi kuharibika mikononi mwake, alimwendea Mzee akamshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza huku, akamgeuza kule, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa nani alisema kuna msiba.

Bwana Sospeter akaninyooshea kidole. Kofia ilikuwa bado mkononi.

Hapo ndipo Ansila alipotoka ndani ya nyumba, kanga nyeusi kichwani, macho yamevimba, ametoka Biharamulo na mtoto mgongoni, amelia njia nzima na usiku mzima. Akamwona baba yake. Alimshikilia muda mrefu, na Mzee akawa anampapasa mgongo na kumuuliza mtoto amekula nini. Kisha akanijia mimi. Nilikuwa tayari kwa kofi, na lingekuwa afadhali.

"Kaka," akasema, "mimi nimeshamlilia baba yangu. Siku akifa kweli nitalia na nini?"

Na saa zilikuwa zinakwenda. Ilikuwa saa tano kasoro, mahakama inafunga saa sita, na mimi nahitaji barua ya mtendaji. Bwana Sospeter akakataa. Si kwa ubaya, kwa taratibu. Alisema ameshaandika kwa mhuri kwamba mtu huyu amefariki, akiandika kwamba yuko hai ataulizwa alithibitishaje, na hana fomu ya kumfufua mtu. Akataka kitambulisho cha Mzee. Kitambulisho kilikuwa ndani, kina mama walishakifungia pamoja na nguo za kumzikia. Kikafunguliwa. Akakiangalia, akamwangalia Mzee, akamuuliza jina lake, Mzee ambaye amemuuzia maharage kila msimu, na Mzee akajibu majina matatu yote kwa heshima. Ndipo mtendaji akainamia meza ya katekista akaandika kwamba "mtajwa hapo juu amejitokeza mwenyewe katika maziko yake akiwa hai." Akapiga mhuri.

Nikapiga picha barua, viapo, na Mzee amesimama kati ya kaburi na shimo. Simu haikuwa na mtandao hata chembe. Nikauliza mtandao unashika wapi. Watu wakatazamana, wakamwangalia Masanja.

"Juu ya mashine," Masanja akasema. "Chini yake hamna."

Kwa hiyo mimi, msaidizi wa kisheria, nilipanda kwenye paa la katapila, katapila lilelile, na tope mpaka magotini, nikanyoosha mkono juu, kijiji kizima kikiwa chini kinanitazama na masufuria yake, nikatuma kwenda Mwanza ombi la kulizuia katapila nililosimama juu yake. Masanja alinishika mguu nisianguke. Saa sita kasoro dakika saba, Wakili Domina akaandika neno moja, "Limeingia," na hakuongeza lingine kwa siku nne.

Nilidhani yamekwisha. Nikashuka, nikaomba msamaha kwa wote, nikashika njia ya pikipiki. Mama Leokadia akaniita nirudi. Akanionyesha lile shimo, akauliza nalo je. Nilisahau, jamani. Kaburi likishachimbwa kwetu halifukiwi tupu, litatafuta mtu. Huwekwa mgomba badala yake. Na mgomba huo, akasema Mama Leokadia, na watu wote wakaitikia, utakatwa na wewe, utabebwa na wewe, utazikwa na wewe, na wewe ndiye mfiwa.

Nikakata mgomba. Hapa nifafanue kosa langu la pili, maana hili nalo wanalicheka, na wanalicheka zaidi wakulima. Mgomba wa namna hiyo unakatwa shina tu. Mimi kwa kutaka kuonyesha heshima, nikauchimbua wote, na kisiki chake na mizizi, nikaubeba begani unanidondoshea utomvu kwenye shati la kazi. Wakaniangalia tu. Hakuna aliyenisahihisha. Kwaya ikainua benchi lake ikaimba (walikuwa wameshafanya mazoezi siku mbili), katekista akakataa kuombea mgomba ila akakubali kuniombea mimi, na nikatupa udongo peke yangu mpaka mwisho. Halafu tukala. Nilikaa upande wa wafiwa, na watu walipita mmoja mmoja kunipa mkono na kuniambia pole, bila kucheka, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yenyewe.

Uamuzi ulitoka Jumatatu. Majaji walitoa hatua za muda: hakuna kuchimba, hakuna kuchukua moramu, makaburi yaliyomo shambani yasiguswe mpaka kesi ya msingi iamuliwe, na serikali itoe taarifa ya utekelezaji ndani ya siku thelathini. Kulikuwa na aya moja kuhusu mimi. Haikunitaja jina, ilisema tu kwamba mahakama "imesikitishwa na mwenendo wa mmoja wa wasaidizi wa mwombaji," lakini kosa la msaidizi haliondoi hatari inayomkabili mwombaji. Wakili Domina alinisomea aya hiyo mara mbili kwa sauti ya chini. Kisha akasema tumshukuru aliyeandika sentensi ya mwisho, na kwamba maelezo ya maana yote yalikuwa ni yale maneno ya Mzee, mengine ningeweza kukaa nayo nyumbani.

Siku thelathini zikafika, Bwana Sospeter akaniita ofisini kunisomea taarifa yake kabla haijapanda juu. Ameandika makaburi ni mawili. La kwanza, Yozefina. La pili, akaniuliza aandike nani. Nikamwambia aandike ukweli, mimi mambo mengine nimeacha. Akaandika mgomba. Akafikiri kidogo, akaongeza kwamba marehemu huyo ameanza kuchipua.

Maana ulichipua. Kisiki kilikuwa na mizizi, udongo umelainishwa na sururu ya Masanja, mvua imenyesha, kingezuiliwa na nini? Machipukizi matatu yakatokea juu ya kaburi, na amri ya mahakama inasema kaburi lisiguswe, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kupunguza hata moja. Kijiji kikaliita kaburi la Wakili. Na mimi mwenyewe, hilo ndilo jina nililoahidi, kuanzia stendi mpaka Rusumo, mimi naitwa Marehemu Kachipua.

Mwaka na miezi umepita, kesi ya msingi bado, katapila limekwenda kuchimba kwingine. Wiki iliyopita Mzee Kabura alikuja ofisini na kikapu, ndani yake chane mbili za ndizi zilizoiva, akaniambia ni za palepale, nile. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, tukakaa. Nikaona nimwombe radhi tena, maana kila nikimwona naona mikono ya Ansila ilivyomshika. Akanikatiza.

"Mimi sikuwa na mtu wa kunipimia pare pa kuzikwa," akasema. "Watoto wako mbari. Sasa pameshapimwa, pembeni yake kabisa, na hakuna wa kupagusa. Ukiutoa huo mgomba siku hiyo, uutoe na kisiki."

Nikamwambia nitautoa. Nikala ndizi zile huku nimeinamisha kichwa, na zilikuwa tamu, sitawadanganya. Siku hizi mtu akinisimamisha njiani akaniuliza watu wale wamekusanyikia nini, hata kama ni mkutano nilioitisha mimi mwenyewe, hata kama tangazo nimelibandika kwa mkono wangu, namjibu kwamba sijui, aende akawaulize.